Uzi: Porte velo (chuma ya kubebea baiskeli) ya kuingiza ku atelaji (chuma ya kuvutia trela nyuma ya motokari) inagonga pine ya sekuru (pine ya akiba), nifanye namna gani? (RAV4, Lubumbashi)

Kinga_ya_Kampemba (mwenye uzi)
Jambo bandugu na badada. Niko Lubumbashi, niko na RAV4 ya 2008, volan (usukani) ku kuume, ile yenye mulango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama mulango wa nyumba na pine ya sekuru imetundikwa inje ku mulango. Nilinunua porte velo ya okazio (imekwisha kutumiwa) yenye ilitoka Afrika Kusini ikapitia Zambia. Iko na mukono wa tiyo (bomba) ya pembe nne, inchi mbili, wenye unaingia mu shimo ya atelaji, halafu kuko mulingoti moja wa kusimama na kule juu mikono mbili ya kutundika kinga (baiskeli, kwa bale ba mbali).

Kila siku ya yenga (juma pili) mie na binti yangu wa miaka 14 tunapandaka kinga. Lakini kutoka mu mujini na kinga siwezi kumuachilia, makamyo ya madini yanapita karibu sana na vumbi inafunga macho. Kwa hiyo nataka tubebe kinga ku motokari mpaka tumalize mujini, njo tushuke tupande kwa salama, leo barabara ya Kipushi, siku ingine upande wa Likasi. Mu motokari inaingia kinga moja tu na lazima nilalishe viti.

Sasa shida. Jana nimesukuma ile mukono mu atelaji, mulingoti ukafika ku pine ya sekuru ukasimama pale. Tundu ya mukono na tundu ya atelaji hazionane, pini haiingie. Nilisukuma na goti, bure, inagonga mpira. Nani amekwisha kupata hii shida? Ninunue ile chuma ya kurefusha mukono yenye banauzisha, nikate mulingoti, ao nitoe sekuru? Nitasoma kila jibu, aksanti mbele.

Sudere_wa_Katuba
Jambo kaka. Mbele ya kukata kitu chochote pima. Mie kazi yangu ni kusude (kuunga vyuma na moto), batu banakuyaka kwangu na porte velo mu mukono na motokari banaiacha nyumbani, banasema "refusha kidogo", kidogo ni ngapi?

Fanya hivi. Weka motokari fasi iko sawa. Twaa kamba na ekru (nati) nzito, tundika ku sura ya inje ya pine ya sekuru, pale fasi inatokea zaidi (kama uko na kifuniko cha plastiki acha kifuniko, kinahesabika), acha ekru ishuke mpaka karibu na chini. Halafu pima kutoka katikati ya tundu ya pini ya atelaji mpaka ku kamba. Ile njo namba ya kwanza. Ya pili, ku porte velo, kutoka katikati ya tundu ya mukono mpaka ku sura ya mbele ya mulingoti. Namba ya pili inapashwa kupita ya kwanza, na isipite na santimetre moja tu, hapana, mie nawekaka tano ao sita, kwa sababu motokari inacheza, mulingoti unacheza, na ile mpira usipoachiwa nafasi utakulwa kidogo kidogo.

Na uniambie tena: atelaji yako imefungwa wapi? Ku longeroni (vyuma virefu vya chini vyenye vinabeba motokari) ao ku pareshoki (bampa)?

Mama_wa_Mbio
Mwana wangu anafanyaka mashindano ya kinga, tumebeba kinga kwa motokari miaka mingi, kwa hiyo naandika na roho yote. Chunga ESHAPOMA (bomba ya moshi). Mara moja tulitundika kinga muzuri kabisa, pine ya sekuru haikuguswa, kila mutu alifurahi, tukaenda njia ya Kasumbalesa. Kufika kule, mupira wa mbele wa kinga ulikuwa umeyeyuka upande moja, upana wa kidole mbili, ukanata kama bulimbo, na ndani chambre imepasuka. Ile kinga ilikuwa imening'inia na mupira wake mbele kabisa ya mdomo wa eshapoma. Mutoto alilia, alikuwa ametoka kununua ule mupira.

Kwa hiyo ukirefusha mukono angalia tena fasi mupira unafika. Weka mukono wako pale na motokari inawaka, kama unasikia moto ya kuchoma, sogeza ao geuza kinga kichwa upande ule mwingine.

Vye_Likasi
Mie nilitoa tu ile sekuru nikaitia mu kofre (fasi ya mizigo kule nyuma), shida ikakwisha. Bulo (bolti) tatu unafungua, dakika kumi.

Mama_wa_Mbio
Papa na heshima yote, ile gurudumu na rimu yake inafika kilo makumi mbili na zaidi, imelala nyuma ya kichwa ya batoto, ukifunga freni kwa nguvu inakwenda wapi?

Vye_Likasi
Mama uko na haki, lazima kuifunga na mukanda wa nguvu ku zile pete za chini mu kofre. Mie nafungaka. Lakini ni kweli batu wengi banaiweka tu vile.

Kinga_ya_Kampemba
Nimepima leo asubui na kamba na ekru vile kaka Sudere alisema, binti alishika mezeri chini na mie juu.

Tundu ya atelaji mpaka ku kamba: santimetre 31.
Tundu ya mukono mpaka ku mulingoti: santimetre 22.

Kwa hiyo ninakosa 9, na kama naacha nafasi ya 6 inakuwa 15 ya kuongeza. Nilikuwa nafikiri ni kitu kidogo, kumbe. Pine ni 225/65 R17, nimeipima kipenyo, santimetre 72 na kidogo, kwa hiyo inafunika karibu mulango wote, hakuna kupitisha mulingoti pembeni yake.

Atelaji iko ku longeroni, nilihakikisha nimelala chini, bulo mbili kila upande, imeandikwa 8.8 ku kichwa ya bulo (alama ya bulo ya nguvu). Kuko ile ya kurefusha ya tayari, ya santimetre 30. Ninunue ile?

Dereva_wa_Tunduma
Habari za humu wakuu. Mimi ni dereva wa malori, natoka Dar napita Tunduma naingia Zambia hadi Kasumbalesa, Lubumbashi nalala mara kwa mara, nimeuona uzi nikasema nichangie maana mambo ya kitu kuning'inia nyuma nimeyaona sana barabarani.

Mkuu wa Kampemba usikimbilie ile ya sentimita 30. Tatizo siyo kilo, tatizo ni kilo mara umbali. Chukua porte velo yako tuseme kilo 18, baiskeli mbili kilo 27, jumla 45. Kama uzito wake wa katikati uko sentimita 45 kutoka kwenye pini, ukizidisha unapata 2025. Ukiongeza sentimita 15 tu inakuwa 45 mara 60, yaani 2700, umeongeza theluthi. Ukiweka ile ya 30 inakuwa 45 mara 75, 3375, umeongeza theluthi mbili, na baiskeli ni zilezile mbili. Hapo gari limesimama. Gari likiingia kwenye shimo huo mzigo unaruka unarudi, chuma kinahisi mara mbili au zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema ukitumia kiungo cha kurefusha basi uzito unaoruhusiwa ukate nusu. Na kiungo ni tundu mbili za pini badala ya moja, kila tundu linacheza, mwisho wa baiskeli kule nyuma unayumba kama mkia wa ng'ombe.

Kitu kingine, nyuma ikiwa ndefu na iko chini, ukipanda tuta ao ukishuka kwenye mtaro inakwaruza. Pima kimo pia.

Ushauri wangu: ongeza ile 15 inayohitajika na usiongeze hata moja ya zaidi, tena iwe chuma kimoja, siyo kuunga.

Sudere_wa_Katuba
Huyu dereva anasema kweli kabisa, aksanti kaka.

Kaka wa Kampemba mie nakushauri tusiunge ule mukono wa zamani. Kuunga tiyo na tiyo, kichwa kwa kichwa, njo fasi inapasukaka, juu chuma karibu na kusude inakuwa ngumu lakini inavunjika bila kukunja, na pale njo nguvu yote inapita. Tunafanya mukono mupya muzima. Tiyo ya pembe nne 50 kwa 50, unene wa milimetre 5. Usikubali ile ya 2 yenye banatumia ku madirisha na milango! Ukigonga na nyundo unasikia tofauti, ya 2 inalia kama sahani, ya 5 inalia kama kengele ya kanisa. Na tiyo ya maji ya zenki hapana, hata kama ni nene, moshi yake ukiisude inaharibu mapafu, nimeona wenzangu banalala na homa usiku muzima.

Sasa ile kitu batu hawajue: inchi mbili haiko milimetre 50, ni 50.8. Kama atelaji yako ilitengenezwa hapa na tiyo ya 60 unene wa 5, ndani inabaki 50 kamili na tena kuko mushono wa kusude ndani, mukono wa inchi mbili ya kweli hauingie. Kama ni ya unene wa 4, ndani ni 52, unaingia lakini unacheza milimetre moja na zaidi, na milimetre moja pale inakuwa santimetre kule juu ya mulingoti. Dawa ni hii: tunatoboa ubavu wa atelaji, tunasude ekru ya 12 pale inje, tunaingiza bulo inasukuma mukono mpaka unakaza ku ukuta wa upande mwingine, halafu ekru ya pili ya kufunga. Kelele inaisha kabisa.

Chini ya mulingoti, kila upande, tunaweka kipande cha tole (bati nene ya chuma) ya milimetre 6 cha pembe tatu. Njo mugongo wake.

Yaya_Bukavu
Niko Bukavu, barabara zetu munazijua. Nilikuwa na ile aina ingine, yenye inafungwa kwa pine ya sekuru yenyewe, unatoa bulo za gurudumu unapitisha kipande cha chuma halafu unarudisha. Ni nyepesi, haiombe atelaji, na shida ya nafasi haiko kwa sababu pine yenyewe njo inabeba. Lakini uzito wote unakuwa kwa mulango. Bawaba za mulango zilianza kulia, na nyuma ya miezi kama saba mulango ukashuka, ukifunga lazima uinue na mukono. Hizo ni za kinga mbili nyepesi, na barabara ya lami. Kama barabara ni mashimo, ku atelaji ni bora, msimamo wangu ni huo.

Swali: mulango wa nyuma utafungukaje na mulingoti uko pale? Na mie nikiwa na Jimny, yenyewe pia iko na pine inje, naweza?

Sudere_wa_Katuba
Yaya, mulingoti unakuwa na pini chini, unatoa ile pini, mulingoti unalala nyuma, mulango unapita juu yake. Lakini upime kama chini ya pine ya sekuru inapita juu ya mukono wakati mulango unafunguka. Na RAV4 mulango wake unafungukia kuume kwa hiyo ukisimama pembeni ya barabara yetu mulango unakufungia njia ya kando, hilo unalijua.

Jimny inawezekana, pine yake ni ndogo. Pima tu kwa kamba, usichukue namba za mutu mwingine. Hata RAV4 mbili za mwaka moja hazifanane kama moja ilibadilishwa pine ao ikawekwa kifuniko.

Mutoto_wa_Ruashi
Na mwenye Prado? Pine yake ni 265/65 R17

Sudere_wa_Katuba
Hiyo kipenyo inafika santimetre 77 na kidogo, na inatokea inje zaidi kwa sababu ni pana. Kuko Prado zenye sekuru iko chini ya motokari, hizo hazina shida. Kama yako iko ku mulango, pima, mudogo wangu.

Kinga_ya_Kampemba
Narudi na habari, iko ndefu, munivumilie.

Nilikwenda kwa sudere (siyo kaka wa humu, yeye alikuwa na kazi mingi, alinielekeza kwa mwenzake) na motokari yenyewe na kinga zote mbili. Mukono mupya wa 50 kwa 50 unene wa 5. Tundu ya pini ya milimetre 16 tuliitoboa na mashini, hatukuichoma na moto, juu tundu ya moto inakuwa na mdomo wa kupasuka. Kutoka tundu mpaka mulingoti: 37. Pembe tatu mbili chini. Ile bulo ya 12 ubavuni, jamani, ile njo dawa, mbele ya kuikaza nilikuwa naweza kusukuma mulingoti na kidole unacheza tak-tak, nyuma ya kuikaza nilisukuma na mabega mawili motokari yote ikacheza pamoja na porte velo. Rangi mbili, ya kuzuia kutu kwanza halafu nyeusi.

Kwa kujaribu tulifanya hivi: kinga zikatundikwa, sudere akakaa ku pareshoki akaruka-ruka, mie nikaangalia nafasi kati ya mulingoti na pine. Ilikuwa 6 ikashuka 5, haikugusa.

Kitu moja hatukufikiri: pedale. Mulingoti ulikuwa mbali na pine lakini pedale ya kinga ya kwanza, ile inaangalia motokari, ikizunguka inafika ku mpira. Tulifunga mukono wa pedale na kamba ku fremu isizunguke. Baadaye nikaamua kuitoa kabisa ile pedale moja, ufunguo wa 15. Musisahau pedale ya kushoto inafunguka kwa kinyume, unazungusha upande wa kuume, nimemuonyesha binti sasa anafanya yeye mwenyewe.

Siku ya yenga tukaenda mpaka Likasi, kilometre kama 120. Sikupita 80. Niliongeza mukanda moja kutoka juu ya mulingoti mpaka ku vyuma vya paa, haubebe uzito lakini unazuia kuyumba, na mukanda mwingine unafunga magurudumu ya kinga zote mbili pamoja na mulingoti, juu magurudumu ya mbele yanapenda kujigeuza na upepo na kugonga mulango. Kilometre kama 15 nilisimama nikakaza tena ile bulo ya ubavu, ilikuwa imelegea robo ya zunguko. Nikasimama tena katikati ya njia, haikulegea tena.

Kufika Likasi niliangalia kila mushono wa kusude na tochi ya simu. Hakuna ufa, rangi haijapasuka. Ku pine ya sekuru hakuna alama, vumbi yake nyekundu ilikuwa imelala sawasawa bila mustari hata moja, hapo nikajua hakuna kitu kiligusa. Binti alishusha kinga yake mbele yangu. Tulipanda mpaka mutoni tukarudi, alinipita kwa kilima.

Mama_wa_Mbio
Mungu asifiwe. Na plake (namba ya motokari)? Na taa?

Kinga_ya_Kampemba
Mama umekumbusha kitu kikubwa. Kinga ya pili ilifunika plake na taa moja ya freni. Rulaji (polisi ya barabara) akitusimamisha atakuwa na haki, na zaidi ya rulaji, kamyo yenye iko nyuma yangu usiku haione nafunga freni. Nimetengeneza ubao wa plastiki na taa mbili na nafasi ya plake, unafungwa ku kinga ya nyuma, waya unaingia mu prize (tundu ya umeme) ya atelaji. Mbele ya kutoka binti anasimama nyuma anasema "freni, sawa, kushoto, sawa, kuume, sawa".

Dereva_wa_Tunduma
Safi sana mkuu. Ukifika kilomita elfu moja hivi fungua mkono wote, utoe nje, uangalie kwenye tundu la pini na ile sehemu mkono unapotokea mdomoni mwa atelaji, upande wa juu. Ufa ukianza unaanzia hapo juu, unakuwa kama unywele mweusi. Futa vumbi kwanza la sivyo hutauona.

Kinga_ya_Kampemba
Nitafanya vile mukuu. Nimeandika namba ya kilometre na chokaa ndani ya mulango, leo iko 143 210, nitaifungua ikifika 144 200. Yaya wa Bukavu, ukipima Jimny yako weka namba zako hapa, ya kamba na ya mulingoti, mwenye Jimny mwingine azione.

Yaya_Bukavu
Nimepima sasa hivi na mutoto wa jirani, mvua inakuja. Kamba: 27. Porte velo sijanunua bado, kwa hiyo natafuta yenye iko na 33 ao zaidi kutoka tundu mpaka mulingoti. Aksanti sana bandugu.